Besi Ghali na Paa la Jadida

Jumatano, 9 Aprili

Mtambo wa barafu umezimika mara mbili. Nimechelewa kutoka kazini Tumbe. Nimefika kwenye klabu yetu ya taarabu, Jadida, alasiri imeshaswaliwa, wenzangu wamekaa tayari, Mzee Seif keshavaa kucha zake za kupigia ganuni na ananitazama kama mimi ndiye niliyekata umeme. Nimevaa gitaa langu la besi, nimekaa mahali pangu.

Waya uko vilevile. Kitundu cha kuchomekea kimelegea miaka minane sasa. Ukiuchomoa waya basi tena, utauchezea nusu saa kabla haujashika. Kwa hiyo klabu yetu ina sheria: waya wa besi hauchomolewi. Tumeufunga kwa uzi wa kushonea viatu. Besi inalala na waya wake, inaamka na waya wake. Harusini tunaibeba pamoja na spika yake, watu watatu, tunagombana njia nzima.

Leo Mzee Seif, mwenyekiti wetu, katusomea ujumbe wa Bwana Salim, mtoto wa hapahapa Jadida anayeishi Maskati. Anaoza mtoto wa dada yake Pujini mwezi ujao. Anataka tupige sisi, na anataka kutununulia besi mpya. Kaweka sharti. Aende Unguja mtu mwenye sikio, azipige mbili, ya kawaida na ya ghali. Kama tofauti inasikika, atanunua ya ghali. Kama haisikiki, tuchukue ya kawaida, na kinachobaki tuezeke paa la klabu.

Paa letu linajulikana mji mzima. Upande wa ganuni pameshikwa na nailoni.

Wote wakanigeukia mimi. Mtu mwenye sikio. Nimekubali kwa kichwa. Nina hofu.

Jumapili, 13 Aprili

Niandike hapa, maana mahali pengine siwezi. Sisikii. Sikio la kushoto limekufa tangu mwaka juzi. La kulia linafifia. Mtu akiuliza nasema ni kelele za mtambo. Uongo. Tangu utotoni masikio yangu yanatoka usaha, mama akinitia mafuta ya kitunguu thaumu, yanakauka, yanarudi. Kwenye mtambo ndiko ninakostarehe. Pale wachuuzi wa samaki wanaagiza barafu kwa vidole, kila mtu anapiga kelele, hakuna anayesikia. Tabu inaanza nikitoka nje.

Bikombo, mke wangu, ananiamsha alfajiri kwa kunivuta kidole cha mguu. Anadhani nina usingizi mzito. Au anajifanya anadhani.

Klabuni hakuna anayejua. Nyimbo zetu nimezipiga miaka ishirini na mbili, vidole vinajua njia. Namtazama mpiga dumbak, ile ngoma yetu ndogo, mkono wake. Namtazama Zuhura, mwimbaji wetu, kidevu chake. Akikiinua, anaingia ubeti. Besi yenyewe naipata miguuni, spika ikiwa karibu. Siri yote ndiyo hiyo.

Ilikuwa niseme Jumatano. Nimenyamaza kama mwizi.

Jumamosi, 19 Aprili. Unguja

Duka liko ghorofani, juu ya wauza vitambaa. Mwenyewe mtu wa rika langu, ana miwani, jina lake Faridi. Besi mbili ukutani. Moja nyekundu, nyepesi, inang'aa. Nyingine ya rangi ya mbao, nzito, na bei yake mara tano ya mwenziwe. Nilicheka. Mara tano kwa lipi? Nyuzi nne kwa nne.

Nilianza na nyekundu. Vidole vilikwenda, mimi sikupata kitu. Sakafu ya saruji, miguuni kimya. Ningepiga ufagio ingekuwa mamoja.

Kisha ya mbao. Pembe yake ya juu imenikaa barabara kwenye mfupa wa kifua. Nikapiga uzi mnene. Ukaingia. Haukupita masikioni. Umepita mbavuni, ukapanda shingoni, ukafika kwenye taya, na humo kichwani nikausikia mzima, mpaka pale unapozimika wenyewe. Kuzimika kwa uzi sikukusikia siku nyingi. Nilipiga wimbo kutoka mwanzo mpaka mwisho. Nililia dukani kwa mtu, na mvi zangu hizi. Faridi aligeuka akawa anapanga vitu vilivyokwishapangwa. Mstaarabu.

Baadaye alisema maneno mengi. Aligeuza besi, akanionyesha kifuniko kidogo mgongoni, akasema. Akashika waya, akasema tena. Nikajibu haya, haya. Ndivyo ninavyowajibu watu wote.

Je, tofauti inasikika? Sijui. Sikio zima lingesema nini, sijui. Nimemwandikia Mzee Seif: tofauti ipo, tena kubwa, ya ghali ina thamani yake. Hata sikusita.

Jumatano, 23 Aprili

Besi imepokewa kama bibi harusi. Kila mtu kaigusa. Kitundu chake kimekaza, waya unakaa wenyewe bila msaada, lakini mazoea ni mazoea. Nimeufunga uzi wa viatu. Nimeufunga mwenyewe, nikakata kwa meno.

Tumepiga nyimbo nne. Zuhura amesema besi imenyooka. Mpiga dumbak amesema mbona ni ileile. Wakacheka. Mimi nilikuwa ndani ya kichwa changu, na humo palikuwa na muziki. Sijui niseme nini zaidi. Palikuwa na muziki.

Mzee Seif aliniuliza mbele ya watu, polepole, akiwa amekaa chini ya nailoni yake, kama kweli tofauti hiyo inazidi paa. Nikasema inazidi. Akasema basi yamekwisha, sikio langu ndilo sikio la klabu.

Bora angenitukana.

Jumapili, 27 Aprili

Nimekwenda klabuni saa nzima kabla ya wenzangu, nimepiga peke yangu. Furaha na aibu, zote kwa pamoja, haziachi nafasi ya chai.

Jumanne, 6 Mei

Mvua tangu jana. Nailoni imepasuka kwa uzito wa maji. Ganuni ya Mzee Seif ilikuwa chini yake. Kila siku anakwenda nayo nyumbani, juzi alikuwa na homa, akaiacha.

Nimemkuta asubuhi anaikausha kwa taulo la kuogea. Ubao umefura, ngozi imelegea, nyuzi za upande mmoja zimelala. Ilikuwa ya baba yake. Nilikaa naye, nikashika taulo la pili. Hakunilaumu. Hakutaja besi hata mara moja. Ataazima ganuni huko Chake Chake kwa ajili ya harusi, kisha atatafuta fundi, kama yupo.

Nimerudi nyumbani sikula. Ningesema neno moja mwezi uliopita, ganuni ile ingekuwa chini ya bati jipya.

Ijumaa, 16 Mei

Tumegombana, mimi na Bikombo. Kanitaka nende hospitali ya Chake nikatazamwe masikio. Nikamwambia masikio yangu hayana kitu. Akazungumza akiwa amenipa mgongo, anakuna nazi. Sijui alisema nini. Aligeuka akanitazama, akawa anangoja jibu. Nikasema haya. Akarudi kwenye mbuzi yake, akakuna mpaka kifuu kikawa kitupu.

Kumbe alinipima.

Jumapili, 25 Mei

Jana Pujini.

Niandike kama ilivyokuwa. Tulianza baada ya alasiri, chini ya turubai. Wanaume upande wa barabarani, wanawake upande wa nyumba, kati pazia, sisi tumekaa ukingoni ili Zuhura atunzwe fedha kwa urahisi. Chini mchanga. Spika ya besi wakaiweka mbali, karibu na umeme. Nilijua miguuni sitapata kitu. Sikujali. Nilikuwa na kifua changu.

Naapa sijapata kupiga vile. Wimbo wa kwanza, wa pili. Katika wa tatu nikafumba macho. Sijawahi kufumba macho kazini, macho ndiyo masikio yangu, lakini besi ilikuwa inanena ndani yangu moja kwa moja na nikajiamini. Nikafumba.

Nikahisi mkono. Nikafumbua. Mzee Seif ameshika shingo ya besi, nyuzi zimekufa chini ya kiganja chake. Wenzangu wote wamenyamaza. Fidla ziko mapajani. Pazia limefunguliwa, vichwa vya wanawake vimejaa pale, mabibi kwa wasichana. Zuhura ameinamisha uso.

Nimeambiwa baadaye. Spika ilianza kukoroma tangu wimbo wa kwanza. Wa pili ikazima kabisa. Walinikonyeza, walinipungia. Katika wa tatu wakaacha kupiga mmoja mmoja, wakidhani nitaacha. Nikaendelea peke yangu, besi haitoi sauti hata chembe, nimefumba macho, natabasamu.

Kuna mtu kachukua video. Imeshafika Tumbe. Leo wachuuzi wa samaki wamenifumbia macho na kuchezesha vidole hewani. Ningekuwa na nguvu ningewatia wote kwenye mtambo.

Harusi ilimalizika bila besi. Watu walicheza.

Jumanne, 27 Mei

Ubaya umepata njia mpya. Kwenye kundi la klabu la WhatsApp wamekwisha kuamua kwamba Faridi ni tapeli. Katuuzia besi ya bandia kwa bei ya kweli. Bwana Salim kaandika kutoka Maskati kwamba atamdai kila senti na duka lake atalitangaza kote, Unguja na Pemba, mtu asikanyage tena.

Na mimi wamenitengenezea udhuru. Eti niliendelea kupiga kwa makusudi, kufunika aibu ya bibi harusi, nikijua kabisa spika imezima. Mzee Seif mwenyewe kaandika kuwa sikio la Hamadi, ndiye mimi, halikosei, kwa hivyo aliyekosea ni muuzaji.

Faridi, waliyemtia kundini ajitetee, kajibu mara moja tu. Kaandika kwamba besi ile ina betri, na kwamba alinieleza: ukimaliza kupiga chomoa waya, ukiuacha betri inaliwa usiku na mchana. Kasema nilimwitikia. Wakamrukia wote. Hamadi angeambiwa, asingetwambia?

Nimekwenda klabuni mchana peke yangu. Nimekata uzi wa viatu. Nimefungua kile kifuniko cha mgongoni. Betri ya mraba. Nimenunua nyingine kwa fundi redio, nimeitia, nimeweka kiganja juu ya spika. Inatetemeka. Besi ni nzima kabisa. Mwezi mzima tumeiacha na waya wake kwa sheria yetu, na mimi ndiye niliyefunga.

Sihitaji kufanya lolote. Nikinyamaza tu, nimepona. Faridi simjui. Simdai, hanidai. Nimelirudia hilo kichwani kutwa nzima na kila mara linazidi kunuka.

Jumatano, 28 Mei

Nimekwenda kwa Mzee Seif nyumbani, kabla ya mazoezi. Nimemwomba akae mbele yangu, azungumze akinitazama. Akashangaa, akakaa.

"Mzee, Faridi hakudanganya. Habari ya betri kanambia. Mie sikumsikia. Mie sisikii."

Kanitazama sana.

"Toka lini?"

"Mwaka juzi. Kabla ya hapo kidogo kidogo."

"Na besi ile umechagua kwa n'ni?"

Nikamwonyesha kifua. Nikamweleza mfupa, taya, na kila kitu. Nikamweleza kwamba nyekundu ilikuwa bubu kwangu na kwamba sijui kwa mwengine ikoje. Alisikiliza mpaka mwisho. Ganuni yake iko juu ya kabati, imefunikwa kanga. Aliitazama ile, kisha akanigeukia ili nimwone mdomo.

"Ungesema, Hamadi. Weye ulikuwa wataka sikio. Siye tulikutuma besi."

Hakunifukuza wala hakunipa mkono. Bibi wa nyumba akaleta chai, tukainywa.

Jumapili, 1 Juni

Nimesema mbele ya klabu nzima. Asubuhi nilikuwa nimeandika kwenye kundi, kwa jina langu, kwamba Faridi hana kosa, kosa langu, na kwa nini. Bwana Salim hajajibu. Faridi kajibu neno moja: Alhamdulillahi.

Nilidhani watanicheka. Hakuna aliyecheka. Mpiga dumbak alitoka nje, akarudi macho mekundu. Miaka yote hiyo namtazama mkono wake, yeye akidhani namkosoa.

Mzee Seif akataka jambo limalizwe kwa haki. Kaning'iniza pazia. Wanawake wa klabu na jirani zao wakakaa nyuma yake, wasione kitu. Mpiga udi, anayejua besi kidogo, akapiga wimbo mmoja mara sita, mara kwa ile ya zamani, mara kwa ya ghali, akichanganya. Wao waseme ipi ni ipi.

Wengi walibahatisha. Mama mmoja alisema zote zinamkera. Zuhura peke yake alipata mara zote sita. Kasema ya ghali ina sauti safi, inamshikia vizuri akiwa chini kabisa, na akiimba nayo hachoki. Wakamuuliza kama inazidi paa. Kasema hapana. Kasema kwa mwimbaji ni nzuri, kwa msikilizaji ni besi, na kwa ganuni ya Mzee Seif ilikuwa msiba.

Imeamuliwa irudishwe kama Faridi atakubali. Tuchukue nyekundu, tuezeke.

Hukumu yangu niiandike hapa, maana pale nilishindwa. Kwa sikio zima, haina thamani mara tano. Ina thamani mara moja na nusu, labda mbili. Kwangu mimi ilikuwa na thamani kuliko mtambo na nyumba yangu. Lakini fedha haikuwa yangu. Nilijinunulia sikio kwa paa la watu.

Alhamisi, 12 Juni

Chake, na Bikombo. Daktari mwanamke, ana kurunzi ndogo. Ngoma za masikio yote mawili zimetoboka, zamani sana. Sikio la ndani ni zima, ndiyo maana mfupa wa kifua unanipelekea sauti. Nimeandikiwa kwenda Unguja. Pengine watashona, pengine kifaa. Foleni ndefu. Kanikataza maji masikioni na mafuta ya thaumu.

Nilimuuliza Bikombo amejua tangu lini. Kanyoosha vidole vitatu. Miaka mitatu. Nikauliza kwa nini hakusema. Kasema alikuwa ananingoja mimi.

Jumamosi, 14 Juni. Unguja

Nimeirudisha mwenyewe. Nilikataa mtu mwingine aibebe.

Faridi kaikagua mbele na nyuma, hakukuta mkwaruzo. Atakata kidogo kwa sababu imetumika, sawa. Kanichukulia nyekundu ukutani. Nikamtaka radhi. Duka lake karibu lifungwe kwa ajili ya haya-haya yangu. Alisikiliza, kisha akavuta karatasi ya risiti akaandika upande wa nyuma: Ungeniambia tu, ningekuandikia.

Kanipa besi ya mbao, kwa ishara, nipige mara ya mwisho kabla hajaitundika. Nimekataa. Ningeipiga nisingeiachia, na boti saa sita.

Karatasi nimeitia kwenye daftari hili.

Jumatano, 25 Juni

Bati limekamilika jana. Upande wa ganuni pakavu. Ganuni yenyewe bado iko kwa fundi, Mzee Seif anapiga ya kuazima na kuilaani kila baada ya wimbo.

Mpiga besi mwingine hayupo. Wamenitaka nibaki mpaka nipate zamu ya hospitali, kisha tutaona. Zuhura sasa anasimama upande wangu wa kulia. Tumekubaliana: nikikosea anashusha mkono, nikienda sawa mkono unakaa kifuani pake.

Nyekundu ni nyepesi mno. Nimeipakata, nimeibana, nimeegemeza kidevu. Hakuna kitu. Nimepiga nyimbo nne kwa macho na vidole tu, kama mtu anayeandika gizani. Mkono wa Zuhura haukushuka.

Tulipomaliza nimemuuliza Mzee Seif ilikuwaje. Kangoja mpaka nimemtazama vizuri mdomo, kisha kasema, sawa, ilikuwa sawa.

Nimemwamini.